Kwenda na Kurudi kwa Damu

Lugha yetu ina neno moja, mshipa, lililotwikwa mizigo mingi kupita nguvu zake. Kipelekacho damu mwilini ni mshipa. Kiirudishacho ni mshipa. Uzi wa fahamu upelekao habari ya maumivu kwenye ubongo ni mshipa. Ukano ukazao kisigino ni mshipa. Na ngiri iwasumbuayo wanaume wengi nayo huitwa mshipa. Hata haya ina mshipa wake, kwani mtu asiyeona aibu husemwa kuwa amekatika mshipa wa haya. Siilaumu lugha kwa jambo hili. Lugha hutaja vitu kwa kadiri ya haja ya wasemaji wake, na wazee wetu hawakuwa na haja ya kutenga mshipa huu na ule maadamu kisu chao hakikuingia katika mwili wa maiti kuutazama. Lakini sisi tumerithi neno bila ya kurithi maisha yaliyolizaa. Twakaa zaidi kuliko walivyokaa. Twaishi miaka mingi kuliko walivyoishi. Sigara ni bidhaa ya kila duka. Na kisukari kimekuwa jirani wa nyumba nyingi. Kwa sababu hiyo maneno yetu juu ya damu yamepata hatari ambayo zamani hayakuwa nayo.

Maneno niyakusudiayo ni haya: damu haitembei vizuri. Hapana mtu wa pwani asiyepata kuyasikia. Kijana aliyeulalia mkono wake akaamka nao umekufa ganzi husema damu haikutembea, ilhali aghalabu kilichobanwa ni mshipa wa fahamu wala si wa damu. Mwanamke mjamzito ambaye jioni viatu vyake vimekataa kuingia husema hivyo. Mzee ambaye vidole vyake vya miguu ni baridi katika mchana wa kaskazi husema hivyo. Wote watatu hupewa dawa moja: kukandwa kwa maji ya moto, kuchuliwa kwa mafuta, na kikombe cha tangawizi. Kama maneno haya yangekuwa kosa la sarufi tu, ningewaachia walimu wenzangu wayasahihishe. Lakini nimeona jinsi yalivyokaribia kumpotezea mtu mguu.

Katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, yalisemwa na watu wawili, ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja aliyasema kwa haki. Wa kwanza ni mama yangu. Alipika vitumbua kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliamka kabla ya alfajiri, akaketi juu ya kigoda mbele ya moto, na hapo alibaki hadi jua lipande. Kisha alihamia nje kuuza, na kuuza nako kulikuwa ni kukaa. Jioni miguu yake ilikuwa mizito mfano wa magunia yaliyonyeshewa mvua. Ukibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki. Nyuma ya goti na chini yake mishipa ilijipinda na kuvimba kama mizizi ya mti mkongwe itokezayo juu ya ardhi, na ngozi iliyo juu ya kifundo ilikuwa imegeuka nyeusi zaidi kuliko ngozi yake nyingine, tena ikimwasha. Asubuhi alipoamka miguu ilikuwa imepungua. Jioni ilirudia hali yake.

Wa pili ni mjomba, kaka yake mkubwa, karani wa ghala aliyestaafu. Miguu yake haikuvimba hata kidogo. Ilikuwa myembamba, ngozi yake laini na yenye kung'aa, malaika zimeuhama muundi, na vidole baridi kama vya mtu atokaye kisimani. Mjomba alikuwa na sifa moja iliyojulikana mtaa mzima, nayo ni adabu. Kati ya nyumba yetu na msikiti mna baraza nne ambazo wazee hukaa, na hapana hata moja aliyoipita bila kusimama. Alisimama, akaamkia na kuamkiwa, akauliza habari ya mgonjwa, ya mtoto, ya safari, kisha akaendelea. Watu walisema kuwa vijana wa leo wapitao kama mishale juu ya baiskeli zao wangejifunza kwake. Nami nilisema hivyo, nikimwona ni mabaki ya ustaarabu uliokwisha.

Kabla ya kueleza yaliyowapata, yanipasa kusema machache juu ya safari yenyewe ya damu, kwa kuwa wanadamu walichukua muda mrefu mno kuijua. Tabibu Galen, Mgiriki wa karne ya 2 aliyewatibu wafalme wa Roma, alifundisha kuwa damu hutengenezwa na ini kutokana na chakula, ikaenda viungoni, ikaishia huko, kama maji ya mfereji yanyweavyo na shamba. Katika mafundisho hayo damu ilikuwa na kwenda bila kurudi, nayo yaliaminiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ibn al-Nafis, tabibu aliyesoma Damascus na kufa Cairo mwaka 1288, alipinga sehemu moja: aliandika kwamba ukuta ugawao moyo hauna matundu, basi damu haiwezi kupenya kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto ila kwa kuzunguka mapafuni. Maandishi yake yalilala katika maktaba hadi mwaka 1924, daktari mmoja wa Misri aliyekuwa akisoma Ujerumani alipoyafunua tena mbele ya ulimwengu. Mtu asomaye habari hii katika chuo chochote cha Afrika hana budi kujiuliza ni maandishi mangapi mengine yamelala.

Mzunguko mzima ulithibitishwa na Mwingereza William Harvey katika kitabu cha Kilatini kilichopigwa chapa Frankfurt mwaka 1628. Alisoma Padua, Italia, chini ya Fabricius, ambaye mwaka 1603 alichapisha habari ya vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa. Fabricius alidhani kuwa kazi ya vilango ni kuipunguza damu mwendo ili isigharikishe miguu. Mwanafunzi wake alivitazama vilango vile vile akaona kuwa vyote vyafunguka kuelekea moyoni. Kisha akafanya hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya: akatwaa kiasi cha damu kitolewacho na moyo kwa pigo moja, akakizidisha kwa mapigo ya nusu saa, akapata damu nyingi kuliko iliyomo katika mwili wote. Ikiwa ni nyingi hivyo, yatoka wapi, isipokuwa ni ile ile irudiyo? Leo twajua kuwa mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na kwamba moyo uliotulia hupitisha karibu kiasi hicho hicho kila dakika.

Msomaji aweza kurudia jaribio lake bila ya kutoka mahali alipo. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya mgongo wa kiganja itokeze. Bonyeza mmoja kwa kidole karibu na vifundo vya vidole, na kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kwenye kiwiko, kupita palipo na fundo dogo. Mshipa utabaki mtupu na bapa, wala damu haitashuka kutoka juu kuujaza. Ukikiondoa kidole cha chini, utajaa mara moja. Fundo lile ni kilango. Kitu kimoja tu Harvey hakukiona, nacho ni njia nyembamba mno ziunganishazo mishipa ya kwenda na ya kurudi. Hizo zilionwa na Marcello Malpighi katika pafu la chura, kwa darubini, mwaka 1661, miaka minne baada ya Harvey kufa.

Basi mishipa ni ya namna mbili, na kazi zao ni mbili. Wataalamu huiita ile ya kupeleka ateri na ile ya kurudisha vena, na majina haya yafaa kuzoewa. Ateri ina ukuta mnene na nyuma yake ina moyo. Vena ina ukuta mwembamba, na pigo la moyo hulifikia likiwa limechoka kwa kupita katika zile njia nyembamba. Kwa mtu aliyesimama, damu ya wayo ina mwendo wa zaidi ya mita moja kupanda hadi moyoni, dhidi ya uzito wake yenyewe. Nani huipandisha?

Shavu la mguu huipandisha. Kila unyanyuapo kisigino, nyama ya shavu hukaza na kuzibana vena zilizomo ndani yake, na damu hupanda kwa kuwa chini kilango kimeshafungwa. Nyama ilegeapo, damu hutaka kushuka, nacho kilango cha juu huizuia. Hatua moja ni pigo moja. Pumzi nayo husaidia, kwani kuvuta pumzi huivuta damu kifuani. Lakini kazi kubwa ni ya miguu, ndiyo maana matabibu huita shavu la mguu moyo wa pili. Mtu akisimama kimya, shinikizo la damu katika vena za wayo wake hufika kiasi cha milimita 80 au 90 za zebaki. Akipiga hatua chache tu hushuka hadi 30 hivi. Askari wa gwaride aangukaye uwanjani mbele ya mgeni wa heshima haanguki kwa woga wala kwa njaa. Ameamriwa asitikisike, damu imejikusanya miguuni, ubongo umepungukiwa, na mwili umechagua kulala chini kwa kuwa huko ndiko damu hurudi bila kupanda.

Hapa naona kuwa tabia zetu zimejenga urafiki na ugonjwa. Sisi twausifu utulivu. Mtoto mwema ni yule aliyetulia. Mwanafunzi atikisaye miguu chini ya meza hukaripiwa, naye masikini alikuwa akiitii hekima ya mwili wake. Cheo kikubwa hutajwa kwa kiti, ndiyo maana mkuu wa mkutano ni mwenyekiti. Kadiri mtu apandavyo daraja ndivyo miguu yake ipunguziwavyo kazi, mpaka afikie hali ya kubonyeza kengele ili tarishi amletee bilauri ya maji iliyo hatua kumi na mbili kutoka mezani pake. Tarishi hupata mshahara mdogo na mwendo mwingi. Bosi hupata mshahara mkubwa na vifundo vilivyovimba. Nimehudhuria mijadala ya chuo iliyochukua saa tatu, watu thelathini wameketi kama picha, na hoja ya mwisho ikapita si kwa ubora wake bali kwa sababu hapana aliyekuwa na nguvu za kuipinga.

Kukaa kuna madhara makubwa kuliko uvimbe wa jioni. Mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiupiga London kwa mabomu, watu wengi walikesha mahandakini wakiwa wameketi katika viti vya turubai. Keith Simpson, tabibu mchunguzi wa maiti, aliandika mwaka huo huo juu ya watu waliokufa ghafula kwa bonge la damu lililopanda mapafuni, akavitaja viti hivyo miongoni mwa sababu: mbao zao zilizibana vena za miguu usiku kucha, na waliovikalia hawakutembea. Watu hao walikimbia mauti yaliyotoka mawinguni, wakafikiwa na mauti yaliyotoka katika miguu yao wenyewe.

Hatuna mahandaki, lakini tuna mabasi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, na abiria hukaa magoti yamekunjwa, mzigo mapajani na mwingine chini ya miguu. Basi husimama porini, na utingo hutangaza kuwa ni wakati wa kuchimba dawa. Msomaji ajuaye safari zetu anajua maana ya maneno hayo, wala sina haja ya kuieleza katika kurasa hizi. Wako abiria wasioshuka kwa kuona haya, na wako wasioshuka kwa kulinda kiti. Yamkini aliyeyabuni maneno hayo alikuwa akitafuta tu namna ya kuficha jambo la aibu. Lakini nionavyo mimi, yule ashukaye, akatembea hatua hamsini katika majani, akarudi, amechimba dawa kweli kweli. Asiyeweza kushuka na akanyanyue visigino vyake pale alipo, mara ishirini, mara thelathini, kila baada ya muda. Na kama siku za baadaye mguu mmoja peke yake utavimba, ukauma na kupata joto, au pumzi ikakata ghafula na kifua kikachoma, asitafute mkandaji. Aende hospitali siku ile ile.

Namrudia mama. Daktari alianza kwa kumchunguza moyo na figo, kwa kuwa viungo hivyo navyo vikichoka huvimbisha miguu yote miwili, na anayetibu miguu ya mgonjwa wa moyo anatibu kivuli. Vilipoonekana salama, akamwambia kuwa vilango vya vena zake vimelegea. Kilango kilicholegea hakirudi kuwa kipya. Damu huvuja kushuka, humwelemea aliye chini yake, naye hulegea pia. Lakini mzigo waweza kupunguzwa. Alitakiwa alale nusu saa mchana miguu ikiwa juu ya mito, ipite usawa wa moyo. Avae soksi ndefu za kubana, zilizopimwa kwa mguu wake, kila asubuhi kabla uvimbe haujaanza. Na aangushapo vitumbua katika mafuta asimame na kunyanyua visigino mpaka vifike kugeuzwa. Juu ya jambo hili la mwisho aligomba. "Mimi si askari," alisema, "na wateja wataniona nimerukwa na akili." Lakini wateja walizoea, na watoto waliotumwa kununua walikuwa wakinyanyua visigino pamoja naye huku wakihesabu. Baada ya miezi miwili viatu vyake vya Idi vikaingia jioni kama vilivyoingia asubuhi.

Furaha ya mama ndiyo iliyoleta hatari. Mapenzi ya ndugu hayapendi kula peke yake. Alimwona kaka yake akisugua miguu jioni, akamsikia akilalamika kuwa damu haitembei, akakumbuka kuwa yeye naye alisema maneno hayo hayo kabla ya kupata nafuu. Akachukua jozi yake ya pili ya soksi, akazifua, akampelekea. "Kaka, vaa hizi. Zimeniponya mimi." Mjomba alizivaa usiku, akalala nazo.

Hakulala. Katikati ya usiku aliamshwa na maumivu katika vidole ambayo alisema hakupata kuyajua tangu kuzaliwa. Aliteremsha mguu ukutani mwa kitanda, ukatulia kidogo. Aliupandisha, maumivu yakarudi. Mwishowe alizikata soksi kwa mkasi. Asubuhi kidole kidogo kilikuwa na rangi ya majivu, nasi tukamchukua kwenda hospitali.

Daktari alimlaza chali akampima shinikizo la damu mkononi, kama afanyiwavyo kila mtu. Kisha, kwa mshangao wetu, akafunga kitambaa kile kile juu ya kifundo cha mguu, akasikiliza kwa chombo kidogo chenye sauti kama upepo. Mkononi alipata 150. Mguuni alipata 90. Kwa mtu mzima mwenye afya, mguu hautakiwi kupungukiwa na mkono. Ukigawanya wa mguu kwa wa mkono ukapata chini ya 0.9, ateri za mguu zimeziba kwa kiasi fulani. Mjomba alipata 0.6. "Mzee," daktari alimwambia kwa upole, "dada yako damu yake yashindwa kurudi, ndiyo maana twambana. Wewe damu yako yashindwa kufika. Hiyo kidogo ifikayo, ukiibana, itafika nini?"

Katika maneno hayo machache mna yote niliyotaka kusema katika insha hii, nami nayaona kuwa bora kuliko mihadhara yangu mingi. Damu isiyorudi na damu isiyofika zote "hazitembei vizuri", lakini moja ni mafuriko na nyingine ni ukame. Mguu wa mafuriko hupata raha ukiinuliwa. Mguu wa ukame hupata raha ukiteremshwa. Mguu wa mafuriko huvimba, huwa mzito, huwa na joto. Wa ukame hukonda, hukosa malaika, huwa baridi. Kidonda cha mafuriko hutokea aghalabu juu ya kifundo upande wa ndani. Cha ukame hutokea vidoleni na kisiginoni. Wako wenye balaa zote mbili katika mguu mmoja, na hao ndio wanaohitaji zaidi kupimwa kabla ya kuguswa.

Daktari aliuliza swali jingine: "Ukitembea, mashavu ya miguu hukuuma?" Mjomba alinyamaza, akanitazama, akamtazama dada yake, kisha akasema ndiyo, kwa miaka minne sasa. Baada ya hatua mia mbili au zaidi kidogo shavu la kulia hukamatwa kama kwa koleo; akisimama dakika mbili au tatu huachiliwa. Hapo ndipo nilipozielewa zile baraza nne. Wajerumani wana jina la ugonjwa huu, maana yake ni ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa sababu mgonjwa husimama mbele ya kila duka akijifanya anatazama bidhaa mpaka maumivu yapite. Ngamiani haina madirisha ya namna hiyo. Mjomba alitumia salamu. Sikumwona kuwa mnafiki. Kuuliza habari ya mgonjwa wa jirani hakukosi thamani kwa kuwa muulizaji naye ni mgonjwa.

Sababu ya ugonjwa wake haikuwa siri. Alivuta sigara tangu ujana, na hapana kitu kiharibucho ateri za miguu kama tumbaku, ila labda kisukari. Mafuta hujijenga ndani ya ukuta wa ateri, yakagandamana na chokaa, njia ikawa nyembamba. Mtu akikaa, damu ndogo yamtosha. Akitembea, nyama ya mguu hudai mara nyingi zaidi, na njia haiwezi kulipa deni hilo. Daktari hakuficha pia kuwa ateri zilizoharibika mguuni haziko peke yake. Zile za moyo na za ubongo ni ndugu zake, na wengi wenye ugonjwa huu hawafi kwa mguu bali kwa moyo au kiharusi. Alimpa vidonge vya kupunguza mafuta ya damu na shinikizo, na kimoja cha kuzuia damu isigande.

Tulipotoka, majirani walikuja na shauri zao, nami sizidharau zote. Mmoja alitaka apigwe chuku. Ni ajabu ya lugha yetu kuwa pembe ile inyonyayo damu imetupa pia jina la kuongeza chumvi katika habari, kwani apigaye chuku huweza kuwa mganga na huweza kuwa mwongo. Sitasema zaidi ya kuwa kwa mguu uliopungukiwa na damu, kuchanja ngozi yake ni kufungua jeraha ambalo halina kitu cha kuliponya. Mwingine alileta tangawizi, na mjomba aliinywa kwa kuwa aliipenda; ina joto la kinywani, lakini haizibui ateri. La hatari kuliko yote lilikuwa beseni la maji ya moto. Mtu ambaye kisukari kimemfisha ganzi miguuni hulitia guu lake katika maji yaunguzayo akitabasamu, kwa sababu hasikii, na malengelenge ya usiku ule huweza kuwa kidonda cha mwaka mzima na hatimaye msumeno. Soksi za pamba zisizobana na viatu visivyoumiza vyatosha kwa baridi. Na maji yapimwe kwa kiwiko, au kwa mkono wa mtu mwingine.

Palibaki amri mbili za daktari, nazo zilimshangaza mjomba kuliko kitambaa cha mguuni. Aache sigara kabisa, wala si kuzipunguza, na atembee. Atembee mpaka maumivu yaje na yazidi, asimame yapoe, atembee tena, nusu saa hadi saa moja, angalau siku tatu kwa juma, na asikate tamaa kabla ya miezi mitatu. Maumivu hayo, daktari alisema, si dalili ya mguu kuharibika; ni nyama idaiyo damu, na kwa kudai mara kwa mara hujifunza kutumia vizuri kidogo ipatacho. Mjomba alifikiri sana. "Basi waniambia," alisema, "niache kinipacho raha nikifuate kinipacho maumivu." Daktari alikubali kuwa ndivyo.

Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya. Alikosa usingizi kwa kuikosa sigara, akamkaripia kila mtu, hata paka. Mama alimhesabia hatua kama watoto walivyomhesabia yeye visigino. Kidole kidogo kilirudia rangi yake baada ya majuma mengi, kikapoteza ukucha wala hakikupoteza zaidi ya hapo. Mwezi wa nne aliipita baraza ya kwanza bila ya shavu kumkamata. Mwezi wa sita aliipita ya pili, na kabla ya mwaka kwisha aliweza kwenda msikitini kwa kusimama mara moja tu.

Jambo hili halikuwapendeza watu wote. Wazee wa baraza ya pili walimtuma kijana kumwuliza mama kama wamemkosea kaka yake, maana siku hizi apita akisalimu kwa mkono tu, na mtu wa adabu kama yeye hawakutazamia kuwa uzeeni ataingiwa na kiburi. Mama alijibu kuwa si kiburi, ni shavu la mguu limepata nafuu. Nao wakaona kuwa amewafanyia dhihaka. Mjomba alipoletewa habari hiyo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku iliyofuata alivaa kanzu yake mapema, akatoka robo saa kabla ya adhana, akasimama katika baraza zote nne, moja baada ya moja, miguu yake ikiwa haina haja yoyote ya kusimama.